Njia ya miembe ya nyumba ya babu: kabla hamjamwaga pevingi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Familia yetu ina nyumba ya zamani nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa Kwihara. Babu aliinunua baada ya Uhuru. Kutoka barabara kubwa hadi barazani ni mita 240 hivi, na njia nzima ina miembe mikubwa pande mbili, inatazamana. Nimehesabu: imebaki 29, mapengo ni 13. Nyumba iko juu, barabara iko chini, na mvua imechimba korongo katikati ya njia, kwa hiyo magari sasa yanapita pembeni juu ya mizizi. Mwezi wa nane tuna harusi ya mdogo wetu. Kaka zangu walioko Dar es Salaam wanataka fundi akate miembe yote, amwage pevingi na kupanda ashoki (ile miti mirefu myembamba ya mapambo) mistari miwili. Anasema ni kazi ya wiki tatu. Mama hataki hata tawi moja liguswe. Mimi nimebaki katikati. Tufanyeje? Na je, ni kweli miembe hii ilipandwa na misafara ya biashara ya watumwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara jicho linanirudi kwenye lile korongo. Kaka zako wanaitazama miembe, mama naye anaitazama miembe, na mabishano yote yamekaa kwenye matawi. Kinachowaharibia njia ni maji. Mkikata miti yote 29 na kumwaga pevingi, maji ya Novemba yatakuja palepale, yatapita palepale, na safari hii yataondoka na pevingi. Kwa hiyo miembe ibaki, isipokuwa ile itakayoshindwa vipimo nitakavyokueleza. Maji yatolewe njiani kwanza. Pevingi isiingie chini ya miti.

Lakini acha nianze na swali lako la mwisho, maana linabadilisha namna ya kuitazama njia yenyewe.

Mwembe si mti wa asili wa Unyamwezi. Kwao ni Asia ya Kusini. Ulifika mwambao wetu kwa majahazi ya biashara, ukaingia bara pamoja na misafara. Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara hiyo. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipoingia hapo Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwishajenga nyumba na kulima bustani. Hapo Kwihara kwenu ndipo Stanley na Livingstone walipokaa kwenye tembe mwaka 1872, wakitokea Ujiji. Kwihara na Ujiji zote zimo katika orodha ya muda ya Urithi wa Dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006 kuhusu njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kwa hiyo mtu wa Tabora akiona mwembe mkongwe akasema ni wa misafara, hajasema la ajabu. Ipo kweli ya namna hiyo.

Yenu sidhani. Chukua hesabu yako mwenyewe: miti 29 na mapengo 13 ni 42, maana yake 21 kila upande. Miti 21 ina nafasi 20 katikati yake. Gawa mita 240 kwa 20, unapata mita 12 kamili. Hiyo ni kazi ya kamba na vigingi vya kupimia. Watu wa misafara walipanda miembe kwenye makazi na vituo vyao, na mingine ilijiotea pale walipotupa kokwa. Hawakuwa na sababu ya kupima mita kumi na mbili, mti kutazamana na mti, mpaka kwenye baraza la mtu. Aliyepanda ya kwenu aliijua nyumba, ama imesimama tayari ama msingi umekwishachorwa. Kwa hiyo mkitafuta umri wa miembe, tafuteni umri wa nyumba: tazameni tofali, aina ya bati, bawaba za milango, hati ya kiwanja. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mabati, saruji na vyuma vizito vilipata njia rahisi ya kufika kuanzia hapo. Na msikubali mtu awadanganye kwamba atahesabu duara za shina ajue miaka; mwembe wa kwetu hauweki duara moja la kuaminika kila mwaka kama miti ya nchi za baridi.

Sasa uone ni kitu gani mlichorithi. Watu wa mwambao wana daka: ile sehemu yenye baraza mlangoni, mgeni anaketi kabla hajaingia ndani. Njia yenu ndiyo daka la nyumba hiyo, ila lina urefu wa mita 240. Mgeni anatoka kwenye jua na vumbi la barabara, anaingia kivulini, mwendo unapungua wenyewe, na mbele anaiona nyumba ndogo mwishoni kabisa, inakua kadiri anavyosogea. Kuna waliojenga njia za kuingilia kwa kuzungusha. Huko Marekani, mbunifu wa bustani Frederick Law Olmsted alipotengeneza njia ya shamba kubwa la Biltmore, North Carolina, mwishoni mwa karne ya 19, aliipitisha karibu kilomita tano kwenye msitu na vijito ili mgeni asiione nyumba hata kidogo mpaka anapotokea ghafla mbele yake. Ya kwenu imefanywa kinyume: nyumba inaonekana tangu getini, na ni miembe inayoishika mahali pake kama fremu inavyoishika picha. Ondoa miembe, nyumba itabaki imesimama uwanjani haina kinachoitambulisha. Waambieni kaka zako hilo kabla ya kuongea bei.

Ashoki nao siwachukii. Kwenye kiwanja chembamba cha mjini, kando ya ukuta, unafaa sana. Lakini umbo lake ni la mshumaa. Hautoi kivuli cha kumtosha mtu anayetembea kwa miguu saa saba mchana mwezi wa kumi, Tabora, na wageni wenu wengi bila shaka wanakuja kwa miguu au kwa bodaboda.

Turudi kwenye maji. Umeniandikia Machi, mvua bado zipo, na hiyo ni bahati. Mvua kubwa ijayo ikianza, chukua mwavuli, vaa mabuti, utembee njia yote kutoka barazani mpaka getini, halafu urudi. Usitazame korongo. Tazama maji yanapoingia njiani. Nina hakika utayaona yakitoka mahali pawili. Pa kwanza ni paa. Nyumba za aina hiyo zina mabati mapana. Paa la mita 300 za mraba, mvua ikinyesha milimita 50 jioni moja, linamwaga lita 15,000. Kama hakuna mifereji ya bati na tangi, hizo zote zinashuka kwenye njia yenu kwa sababu ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Pa pili ni uwanja wenyewe, ambao umefagiwa mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Nitalirudia hilo, maana linamhusu mama.

Na kwa nini njia imekuwa ya chini? Kwa sababu kila mtu anayetaka kuisaidia huleta greda au majembe, anakwangua ili iwe tambarare, na udongo uliokwanguliwa unasukumwa pembeni kwenye mashina. Fanya hivyo miaka thelathini, njia inazama, kingo zinapanda, unakuwa umejichimbia mfereji wenye miembe pande mbili. Halafu mnashangaa maji yanapita humo. Udongo wa Tabora una mchanga mwingi, na mvua zake za mwanzo hupiga ardhi iliyokaa wazi tangu Mei. Mvua ya kwanza ya Novemba ndiyo inayochimba kuliko zote zinazofuata.

Dawa yake ni kuinua, wala si kuchimba. Kwanza, maji ya paa yakamatwe juu yasifike njiani. Kama pesa ni ndogo, anzieni hapa hata kabla ya kugusa njia. Pili, korongo lijazwe mawe, makubwa chini na madogo juu, kisha changarawe nyekundu, tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja limwagiwe maji na kushindiliwa kwa mkono. Msiingize roli la kutetemesha. Ile mitetemo na uzito inaibana ardhi mpaka mizizi inakosa hewa. Tatu, njia ipewe mgongo. Kwa upana wa mita 4 unaotosha gari moja na mtu wa miguu, katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 10. Hizo kumi tu. Fundi yeyote mwenye kamba na levo ya mpira anaweza kuziweka, na maji hayatakuwa na sababu ya kukimbia kwa urefu, yatateremka pembeni.

Yakishuka pembeni yatoke nje ya mstari wa miti, na hapa mapengo yenu 13 yanakuwa na kazi. Msichimbe mtaro mrefu wenye kuta zilizosimama sambamba na miti. Mtakata mizizi yote ya upande mmoja. Pitisheni kila baada ya mita 25 au 30 kijia cha maji kipana, chenye kina cha sentimita 15, chenye umbo la sinia, kielekee nje kupitia pengo ambalo mti wake umekwisha kufa. Mwishoni mwa kila kijia pandeni vetiva au nyasi nyingine zenye mizizi mirefu, maji yapungue kasi, yaingie shambani kwa migomba au kwa matete. Maji yaleyale yaliyokuwa adui yatawalimia. Getini, pale njia inapokutana na barabara kubwa, kalvati na mfereji wa kando ni eneo la wenye barabara, ama TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ama TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa). Nendeni ofisini kwao kabla ya kugusa, maana wakija kupanua wakakuta nguzo zenu za geti zimekaa vibaya watazivunja. Geti lenyewe lirudini ndani kiasi gari liweze kusimama kungoja kufunguliwa bila mkia wake kubaki barabarani.

Sasa pevingi. Wapimaji wa miti wa Uingereza wana kanuni ambayo nimeitumia miaka mingi na haijawahi kuniangusha: pima kipenyo cha shina usawa wa kifua, zidisha mara 12, na umbali huo kutoka kwenye shina usichimbe. Mwembe wenye shina la sentimita 80 unadai mita 9.6 kila upande. Mistari yenu, kwa kubahatisha kutokana na njia nyingine za aina hii, haiachani zaidi ya mita 9 au 10. Maana yake hakuna mahali popote katika njia hiyo ambapo hakuna mizizi ya mwembe, na sehemu kubwa ya mizizi inayolisha mti iko juu juu, ndani ya nusu mita ya kwanza. Pevingi inataka nini? Inataka ardhi ichimbwe sentimita 25 hadi 30, ishindiliwe, iwekwe kokoto, ishindiliwe tena, na kingo za zege zizamishwe pande mbili. Hizo kingo za zege ndizo kisu chenyewe.

Nilikuwa kijana nilipojifunza hili, na nalisema kwa uchungu. Mahali fulani upande wa Kigoma nilisimamia kazi ya njia ya namna hii, mkandarasi akaniomba mtaro wa sentimita 60 karibu na mashina upande mmoja, kwa ajili ya bomba. Nikakubali, kwa sababu miembe ilikuwa na afya na bomba lilikuwa la haraka. Mwaka wa kwanza haikuonekana kitu. Mwaka wa pili majani yakapungua juu, nikajipa moyo kwamba ni ukame. Mwaka wa tatu, usiku wa upepo wa kuanzia mvua, mwembe mmoja ulilala upande ule usiokatwa mizizi, mzima mzima, na ulipolala tuliona mizizi ya upande wa pili imekatika sawasawa kama imekatwa kwa msumeno. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie mti uko salama kwa sababu bado una majani.

Kaka zako wakipenda pevingi waiweke, lakini mbele ya baraza, kwenye uwanja wa kugeuzia magari, nje kabisa ya vivuli. Pale inafaa: viatu vya wageni havitaingia tope sebuleni, na magari yatapata mahali pa kuegeshwa pasipoangukiwa na maembe. Njiani changarawe inatosha. Mkiona changarawe inachimbika kwenye mapito ya magurudumu, lazeni mistari miwili ya mawe bapa juu ya ardhi bila kuchimba, upana wa gurudumu moja na nusu, katikati majani yaote. Zamani zilikuwepo njia nyingi za hivyo, na zinapendeza mpaka leo.

Kuhusu miti ya kukatwa, hapa lazima nimkosee mama adabu kidogo. Asiyetaka tawi liguswe naye anaihatarisha miembe, kwa sababu tawi kavu likimwangukia mgeni, siku ya pili yake hakuna atakayesikiliza hoja ya kivuli. Kila mwembe upewe namba, na kila namba ipimwe. Kwanza hakikisheni hakuna nyuki. Miembe yenye mapango Tabora haikosi nyuki, na Tabora haikosi watu wa nyuki, mwiteni mmoja awahamishe jioni. Kisha pigeni shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini mpaka urefu wa mtu, mkisikiliza. Sauti ikiwa ya ngoma, ndani kuna tundu. Tundu peke yake si hukumu ya kifo. Mwembe unaishi kwa sehemu za nje za shina. Ingizeni ufito wa chuma kupitia ufa au tundu mpime unene wa mbao nzima iliyobaki. Ikiwa chini ya theluthi moja ya nusu-kipenyo, kwa mfano chini ya sentimita 15 kwenye shina lenye kipenyo cha sentimita 90, mti huo ni wa kuuangalia kwa mashaka, na kama unainamia njia, ni wa kukatwa. Vilevile uyoga mgumu unaoota kwenye kisigino cha shina, ufa kwenye panda ya matawi makubwa, na ardhi iliyonyanyuka upande mmoja wa mti ulioanza kuinama karibuni. Hilo la mwisho halingoji harusi.

Mchwa wasiwatishe kupita kiasi. Ile tope wanayoipaka juu ya gamba mara nyingi inafunika gamba lililokwisha kufa. Kwangua uone kama chini pana ubichi. Kichaka cha majani tofauti kinachoota juu ya tawi, kile ambacho ndege hueneza mbegu zake, ndicho kinachonyonya. Tawi lake likatwe chini ya pale kilipojishika, kwa umbali wa angalau sentimita 30.

Anayekata ajue kukata. Tawi zito linakatwa mara tatu: kwanza chini yake, kidogo tu, umbali wa kama mkono kutoka kwenye shina, kisha juu, mbele kidogo ya pale, liangukie huko bila kuchuna gamba, mwisho kisiki kilichobaki kiondolewe pale tawi linapovimba kabla ya kuungana na shina. Msikate ndani ya uvimbe huo, wala msiache kisiki. Kidonda kisipakwe rangi wala oili chafu, kiachwe kijifunge chenyewe. Mkataji avae mikono mirefu, maana mwembe ni ndugu wa mkorosho na utomvu wake unababua. Juu ya njia matawi yainuliwe mpaka mita 4 na nusu, fuso lililobeba viti vya harusi lipite. Upande wa nje wa mstari yaachwe yashuke yatakavyo, yanalinda ardhi isipigwe na jua. Na kabla ya kukata mti mzima, pitieni kwa afisa misitu wa wilaya. Kwa kuwa mko Kwihara, si vibaya mkamjulisha pia mtu wa mambo ya kale wa makumbusho ya pale, awaambie kama nyumba au kiwanja kina hadhi yoyote inayolindwa.

Nimesema nitarudi kwa mama na ufagio. Nisikilizwe vizuri, maana najua nagusa heshima ya nyumba: uwanja uliofagiwa alfajiri, wenye mistari ya fagio, ni sura ya mwanamke mwenye nyumba yake. Afagie njia. Chini ya miembe, majani yabaki. Kila asubuhi yakiondolewa, mti unaondolewa chakula chake, ardhi inabaki uchi, mvua inaipiga mpaka inaganda kama gamba, na maji yanateleza kuelekea korongoni. Majani yakikaa unene wa kiganja, maji yananyweka pale pale. Na lile rundo linalochomwa jioni kando ya shina likomeshwe kabisa. Joto linaua gamba la upande ule na ndipo tundu huanzia. Kama mnataka mgeni aone kwamba kuna mpaka, pangeni mawe ya ukubwa wa kichwa kando ya njia, yapakwe chokaa. Usiku dereva atayaona, na mchana ataelewa kwamba majani ya upande wa pili yameachwa kwa makusudi.

Mpaka mwezi wa nane mnaweza kumaliza maji, korongo, changarawe na matawi makavu. Aprili mvua zikikatika anzeni mawe. Juni na Julai miembe itakuwa inachanua, muwe mmekwisha kumaliza kazi ya juu ya miti. Harusi itapita chini ya kivuli kilekile alichopita babu yenu.

Yanabaki yale mapengo 13, na hapa watu wengi wenye nia njema hukosea. Wanapanda mche kwenye kila pengo. Mwembe mchanga katikati ya wakongwe wawili hupata mwanga kwa upande mmoja tu, basi unakimbilia huko, unakua umepinda na mwembamba, na baada ya miaka kumi mna mstari wa vilema. Pengo la mti mmoja liacheni, au litumieni kwa maji. Pengo la miti mitatu mfululizo au zaidi, hapo pandeni. Tatizo hili ni la njia zote kongwe za miti. Kule Windsor, Uingereza, njia ndefu ya mfalme iliyopandwa miaka ya 1680 ilifika miaka ya 1940 miti yake imechoka, ikabidi ikatwe na kupandwa upya kwa miti ya aina nyingine. Mtu aliyeizoea alikufa bila kukiona tena kivuli kile. Nyinyi mna nafasi ya kutofika huko. Kama ardhi ya pembeni ni yenu, pandeni mstari mpya nje ya ule wa zamani, umbali wa mita 10, mti na mti mita 12 vilevile. Miembe ya zamani itaendelea kufa mmoja mmoja kwa miaka yake, na mipya itakuwa inapanda kwenye jua kamili. Siku wa mwisho utakapoanguka, njia itakuwa pana, yenye anga katikati. Haitakuwa handaki la kijani kama sasa, lakini itakuwa ya miembe na itaelekea barazani.

Msinunue miche ya kubebeshwa, yaani iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, kwa kazi hii. Ile imetengenezwa ibaki mifupi na kuzaa mapema. Ni ya shamba. Njia inataka mwembe wa kokwa, wenye shina refu. Na hamna haja ya kununua. Maembe ya msimu huu yaliyooza chini ya miti yenu yameota. Ingia kivulini leo ufukue majani, utaikuta miche yenye majani ya rangi ya zambarau bado, urefu wa kiganja. Mama ndiye anayejua ni mwembe upi unazaa embe tamu na upi hauumwi mwaka hadi mwaka. Yeye achague chini ya mti gani ing'olewe. Pale Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, inaelezwa kwamba miembe iliyopo ilibebeshwa kutoka kwenye ule wa awali, na wageni wanaokwenda pale huambiwa hivyo. Nanyi mtakuwa na la kuwaambia wenu.

Ng'oeni miche 60 kwa 42 mnayohitaji kwenye mistari mipya miwili, maana mingine itakufa. Iwekwe kwenye viriba virefu vyenye udongo wa msituni na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huita mchwa. Kivuli cha nusu mpaka Septemba, kisha izoeshwe jua kidogo kidogo. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60 yachimbwe Oktoba, udongo wa juu uwekwe upande wake, na miche ishuke shimoni mvua zikishika, wiki ya pili au ya tatu ya Novemba. Kila mmoja uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi. Kiangazi cha kwanza na cha pili, ndoo moja mara mbili kwa wiki. Viriba na ndoo, waambie kaka zako wa Dar es Salaam watume.